Hirizi Iliyovuka Tope

Mimi ni fundi wa vitanda. Nalisema hili mapema asije mtu akadhani nilisoma mahali namna ya kuunda mtambo wa kurusha vitu. Sikusoma. Nilichokijua katika miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, kilikuwa tendegu na mfumbati. Tendegu ni mguu wa kitanda, mfumbati ni ule mti wa ubavuni unaobeba kamba, na mtu akikuletea mti mbichi unamrudishia, maana kitanda cha mti mbichi hulia na majirani wakapata la kusema. Nilikuwa na banda langu Kariakoo, nyuma ya soko. Nilikuwa na mke, na mama yangu, na mtoto wa kiume wa miezi mitano. Nilijiona nimekwisha kuipatia dunia.

Kisha ndui ikaingia nyumbani kwetu, na haikumtaka mwingine ila mke wangu.

Bwana afya alikuja asubuhi na gari lake, akatuchanja wote, na mke wangu akapandishwa garini amefunikwa shuka mpaka utosini. Hakuruhusiwa hata kumgusa mtoto. Aliniambia neno moja tu: "Usimwachishe ziwa." Nikamjibu kwamba sitamwachisha, kana kwamba ziwa lilikuwa langu. Mama yangu ndiye aliyekuwa akimlisha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko.

Kambi ya wagonjwa ilikuwa ng'ambo ya bonde la Msimbazi, kule maji ya bahari yanakopanda na kushuka na kuacha tope la mikoko. Vilikuwa vibanda vya makuti ndani ya uzio wa seng'enge. Sheria yake ilikuwa fupi: aliyeingia hatoki mpaka gaga la mwisho libanduke mwilini, na kitu kilichoingia hakitoki kamwe, kinachomwa moto. Zamani kidogo vifurushi vilipokelewa langoni, mpaka jamaa mmoja akaficha dawa ya mganga ndani ya mchele, mgonjwa wake akajipaka, vidonda vikaoza. Tangu hapo hata kichane cha ndizi kilirudishwa. Askari wa lango hakupokea chochote wala hakusikia la mtu. Alikuwa mtu mwaminifu, na sijapata kumchukia mtu mwaminifu kama nilivyomchukia yule.

Kwa hiyo sisi jamaa za wagonjwa tulikwenda upande wa huku, kwenye ukingo wa tope, tukapiga kelele. Vibanda vya wanawake vilielekea kwetu. Kuvuka hapakuvukika, ukitia mguu unazama mpaka pajani, na kijana mmoja aliyejaribu alivutwa kwa kamba kama ng'ombe. Ng'ambo palikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyekwisha kupona, akingoja magaga yake yamalizike. Huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa kambi. Alisimama kwenye seng'enge, akaweka viganja kinywani, akatuma maneno machache machache upepo ulipotulia. Kwake nilipata habari za mke wangu. Uso umevimba, macho yamefumba, haoni. Chakula anakula kwa shida. Lakini asubuhi na jioni anakamua maziwa yake chini, yasije yakakauka, ili akitoka mtoto ayakute.

Wiki ya pili habari zikageuka.

"Hasadiki," alisema yule mama. "Anasema mtoto amekufa, mnamficha."

"Mwambie mzima," nilipiga kelele. "Mzima kabisa."

"Nimemwambia. Hapa kila mtu huambiwa jamaa zake hawajambo. Mimi niliambiwa siku kumi mume wangu hajambo. Walimzika siku ya kwanza."

Kesho yake nilimchukua mtoto, nikampeleka ukingoni na kumwinua juu kwa mikono miwili. Yule mama akasema anamwona, lakini mke wangu haoni, na mtoto wa kuinuliwa hata wa jirani huazimwa. Nikamfinya mtoto paja alie. Wahenga wamesema mchelea mwana kulia hulia yeye, ila sidhani walikuwa na maana hiyo. Alilia sana. Jibu lililorudi likawa kwamba watoto wote hulia.

"Anataka alama," mama wa ng'ambo akasema. "Kitu cha kushika mkononi. Asipokipata anaacha kukamua. Anasema hawezi kumkamulia marehemu."

Asiyejua mambo ya kwetu nimweleze. Mwanamke aliyefiwa na mtoto anayenyonya hujifunga kanga kifuani na kuikaza mpaka maziwa yakatike. Yakikatika yamekatika. Na mke wangu, kama alivyokuwa, kilichomfanya ameze hata tonge mbili za ugali wa kambi kilikuwa hayo maziwa. Akiacha kukamua ataacha na kula, na akiacha kula hatoki. Nililiona hilo wazi kama ninavyoiona karatasi hii, na nilirudi Kariakoo mbio.

Watu wakaniambia subira yavuta heri. Mtu wa tatu aliponiambia hivyo nilimrushia randa.

Nilijaribu kwanza kwa mkono. Kutoka ukingoni mpaka uwanja wa vibanda nilikadiria hatua mia na kumi. Jiwe langu zuri kuliko yote lilifika hatua hamsini, tena likaenda upande ambao sikuutaka, na kule mbele wagonjwa walikuwa wakiota jua. Nilihitaji mkono mrefu kuliko wangu, na usiobadilisha nia kila unaporusha.

Mkono huo niliuona kwa jirani yangu, mfanyabiashara wa Kihindi aliyenunua mbata, yaani nazi kavu, kwa jumla. Dukani kwake palining'inia mizani kubwa, boriti iliyofungwa katikati, na kila ncha ina sinia la mbao. Siku hiyo rafiki yangu mmoja, hamali wa soko, alichoka akaacha kuliweka gunia, akalitupa. Sinia moja likashuka kwa kishindo, na kwenye sinia la pili jiwe la mizani la ratili mbili likaruka mpaka kwenye bati la paa, likarudi chini karibu limpasue karani kichwa. Mzee wa Kihindi akamtukana hamali kwa lugha tatu. Mimi nilikuwa mlangoni na msumeno mkononi, na kwa mara ya kwanza katika siku kumi na tano nikajua la kufanya.

Siku ileile nilisimamisha nguzo mbili za matendegu, nikapitisha ekseli ya mkokoteni uliokufa, na juu yake nikaweka mti mrefu uliotobolewa katikati, vilevile kama boriti ya mizani. Ncha moja nilifunga sanduku la mawe ya frasila tatu. Ncha ya pili nilipigilia kijungu cha kifuu cha nazi, ndani yake donge la udongo. Hamali akashikilia ncha hiyo chini, nikamwambia achia. Donge lilikwenda hatua kumi na mbili.

"Fundi," hamali akaniambia, "hata mtoto wako atarusha zaidi ya hapo akikasirika."

Mzee wa Kihindi alitoka kutazama kelele ni za nini. Nikamweleza, sikumficha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na mizani nyingine, ile ya mkono mmoja mrefu ambayo gunia hutundikwa karibu na kishikio na jiwe dogo likasogezwa mbali kwenye ncha.

"Wewe umetoboa katikati," alisema. "Katikati ni kwa kupima. Tazama hapa. Ratili moja inashika gunia zima. Kwa nini? Mkono mrefu. Sasa wewe pindua: gunia liende kidogo, ratili iende mbali."

Nikatoboa upya, sehemu moja upande wa mawe na sehemu nne upande wa kurushia. Hatua thelathini na tano. Akaniazima mawe yake ya zamani ya mizani, tukafika frasila sita. Hatua hamsini, sawa na mkono wangu mwenyewe, ila sasa kila donge lilianguka karibu na mwenzake. Nikaongeza urefu wa mti. Na hapa nikiri jambo la aibu: kwa haraka nilinunua mti mbichi, mimi niliyekuwa nikiwarudishia watu miti mibichi. Ulipinda kama upinde, ukalia, ukavunjika, na kipande kikapita kando ya sikio langu. Nilikaa chini kwenye makapi ya mbao nikalia mbele ya hamali wangu, na yeye akajifanya anatafuta kitu nje.

Asubuhi nilichukua mfumbati mkavu wa mninga uliokuwa wa kitanda cha harusi ya mtu. Bwana harusi alilala chini, na sikumwomba radhi mpaka baadaye sana.

Hatua sitini. Nikapaka ekseli mafuta ya nazi. Sitini na mbili. Siku zilikuwa zinakwenda, na kila jioni nilikwenda ukingoni, na mama wa ng'ambo akaniambia bado anakamua, bado. Lile "bado" lilipungua nguvu kila siku.

Aliyetuvusha alikuwa mama yangu. Alikuja bandani na mjukuu mgongoni, akatazama mti ukipaa na donge likianguka kulekule, akauliza: "Teo yake iko wapi?"

Mama yangu alikulia Rufiji, na utoto wake ulipita juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, akiamia na kufukuza ndege katika mashamba ya mpunga. Teo ni ile kamba ya kurushia mawe, ina kitako cha kusuka katikati kinachokaa jiwe. Ncha moja hufungwa kidoleni, ya pili hushikwa tu, na ukiizungusha unaiachia hiyo ya pili, jiwe linakwenda zake. Bega lake halikuweza tena kuizungusha, lakini vidole vyake vilikumbuka. Alisuka teo ya ukindu palepale, urefu wa mtu, akaniambia nifunge ncha moja kwenye mti, na ya pili niitie kitanzi kikae juu ya msumari, kisipigiliwe wala kufungwa.

"Mti ukifika juu, kitanzi kitachomoka chenyewe," alisema. "Mkono bila teo ni mkono tu."

Tulihamia kwenye mchanga wa Jangwani kwa sababu uwanja wa nyuma ya banda haukutosha tena. Donge la kwanza lilipaa moja kwa moja juu, tukakimbia kila mtu upande wake. La pili lilijipiga chini mbele ya mtambo. Mama akasema msumari umesimama vibaya: ukisimama wima kitanzi hung'ang'ania, jiwe linachelewa na kupiga chini, ukilala mno kitanzi hutoka mapema, jiwe linapanda mbinguni. Nikaupinda kidogo kwa nyundo. Themanini na tano. Nikaupinda tena, upana wa ukucha. Mia moja na kumi na mbili.

Nilimbeba mama yangu na mtoto mgongoni mwake, wote wawili, nikazunguka nao.

Sasa ikabaki alama yenyewe. Nilitaka kitu ambacho mke wangu, macho yamefumba, atakijua kwa kukigusa. Nikawaza, nikapata, na nikajisifu kwa akili. Shingoni mwa mtoto palikuwa na hirizi ya ngozi. Mke wangu ndiye aliyeishona siku ya arobaini, kwa uzi wake mwenyewe, mishono mikubwa mibaya ambayo nilikuwa nikimcheka. Hirizi kama ile haikuwapo nyingine Dar es Salaam nzima. Mama akiwa uani anafua, mtoto amelala, nikaikata kamba yake kwa kisu changu cha kazi.

Saa sita mchana, wagonjwa wameingia vibandani na uwanja uko wazi, tulikuwa ukingoni, mimi na hamali, na mtambo juu ya mchanga mgumu. Hirizi niliizungushia udongo, nikaukausha juani ukawa kama yai. Nikampigia kelele mama wa ng'ambo akae kando. Hamali akaachia. Yai likapita juu ya mikoko, likapita juu ya seng'enge, likapasuka katikati ya uwanja wao. Mama wa ng'ambo akainama, akaokota, akaitazama. Nilimwona akienda kibandani polepole, na nikamwambia hamali, tazama, mtu mzima hakimbii.

Tukangoja. Kisha sauti ikatoka kwenye kile kibanda, na sauti za wanawake wengine zikaingia juu yake, na nikajua ni kilio. Hata mimi, mjinga, kilio cha msiba nakijua.

"Wanalia furaha?" hamali akauliza.

Nilikimbia kutoka pale mpaka Kariakoo. Mama alikuwa mlangoni na mtoto mapajani, anamtazama shingo.

"Hirizi iko wapi?"

Nikamwambia. Mama yangu hakuwahi kunipiga tangu niote ndevu. Siku ile alinipiga kofi, akaketi chini, akajifunika uso kwa kanga yake.

Mimi sijapata kuwa ndani maiti ya mtoto mchanga ikioshwa. Kazi hiyo hufanywa na wanawake, mlango umefungwa. Kwetu, hirizi ya mtoto ikishafungwa shingoni haitoki, mtoto akiumwa, akioga, akilala. Inakatwa siku moja tu, kabla ya kumwosha, na anayeikata humwekea mama yake mkononi bila kusema neno. Kila mwanamke anajua. Mimi niliona ngozi na uzi, basi. Nilihangaika siku tisa, nikavunja mti, nikamlaza bwana harusi chini, ili nimwekee mke wangu mkononi habari ya kifo cha mtoto aliye hai.

Jioni mama wa ng'ambo alinijibu mara moja tu. "Amejifunga kifua. Hali. Msituchezee tena." Na askari wa lango, aliyepata habari, alizunguka mpaka upande wetu kunionya: keshokutwa saa nne atakuja na bwana mkubwa wake, na akiikuta takataka ile ukingoni ataichoma na mimi nitajieleza bomani.

Usiku huo hakuna aliyelala isipokuwa mtoto. Alfajiri mama akanyanyuka, akamfungua mtoto winda, akanitupia lile winda kifuani. Lilikuwa limeloa chapachapa.

"Mpelekee hilo," alisema. "Maiti hakojoi."

Lakini winda lililoloa si hirizi. Nililifunga ndani ya kitambaa cha mpira ili lisikauke, nikalipima kwa mzee wa Kihindi: karibu ratili mbili, na limevimba, linashika upepo. Kule Jangwani kitambaa cha kujaribia kilianguka hatua sabini na nane. Katikati ya tope hasa.

Niliongeza mawe mpaka frasila tisa, nguzo zikaanza kufunguka viungo. Nikazikaza kwa kabari na kamba za vitanda. Themanini na sita. Nikaupinda msumari huku na huku, haukusaidia. Niliona kwamba kila sanduku lilipofika chini mtambo mzima uliruka na kupiga teke, na nguvu niliyoilipia kwa jasho ilikuwa inaingia ardhini. Nikamwuliza hamali, mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote, mzigo ukikugonga mgongoni unafanyaje.

"Naufuata," akasema. "Ukisimama kama nguzo unakuvunja. Unasogea nao."

Basi tukaupandisha mtambo juu ya magurudumu ya mkokoteni wake, usogee. Na sanduku la mawe, lililokuwa limekazwa kwenye mti, nikalifungua nikalining'iniza kwa pini ya chuma kama sinia la mizani, lianguke wima badala ya kuzungushwa. Kazi hiyo ilichukua mchana wote na jioni mpaka giza likanitoa nyundo mkononi. Sikujaribu hata mara moja. Moyoni nilikuwa nahesabu: tangu jana mchana hajala, tangu jana mchana amejifunga.

Asubuhi ya siku ya askari tulikuwa ukingoni jua halijapanda, mara hii na mama na mtoto. Winda la usiku lilikuwa tayari, limeloa vizuri. Hamali akaachia. Mtambo ukasogea mbele kwa magurudumu yake, sanduku likashuka wima, teo ikapiga mluzi ambao hatukuwahi kuusikia, na furushi likaenda mbali, mbali kuliko yote, na upepo wa ubavuni ukalichukua na kulitua kwenye mikoko upande wa kushoto wa uzio. Umbali ulitosha. Mahali ndipo palipokosewa.

Nikageuza mtambo kidogo kuelekea ulikotoka upepo. "Lete lingine," nikamwambia mama.

Hapakuwa na lingine. Mtoto alikuwa amefungwa winda kavu, na winda kavu halisemi kitu. Mama akampa maji kwa kijiko. Akamshika juu ya kiganja akamfanyia "sss, sss" kama wafanyavyo wanawake. Mtoto huyu alinikojolea mimi kila mara nilipovaa kanzu safi. Alimkojolea bwana afya. Sasa alitutazama mmoja mmoja, akacheka. Jua likapanda. Hamali akamwimbia. Mimi nikapiga magoti kwenye tope mbele ya mtoto wa miezi mitano nikamwomba, kwa adabu, kama ninavyomwomba Mungu, na nina hakika sijapata kuomba kwa moyo ule tangu hapo.

Mbali kwenye njia ya bonde nikaona kofia mbili, moja ya askari na moja nyeupe.

"Anakojoa," mama alisema taratibu, asije akamshtua.

Tulimwacha amalize. Mama akalifunga furushi likiwa na moto, akalilaza kwenye kitako cha teo, akakigusa kitanzi kwa kidole na kukirudisha nyuma kidogo. Hamali akaachia. Mluzi ule ukapita tena. Furushi likavuka tope, mikoko, seng'enge, likagonga paa la kibanda na kuteleza mpaka mlangoni.

Nilimlilia yule mama wa ng'ambo. Nilimwita mama yangu, nilimwita bibi yangu, nikamwomba amwekee mkononi tu, asimweleze neno. Alisimama akilitazama furushi muda mrefu. Akaliokota kwa vidole viwili, akalinusa, akaingia.

Askari alifika na bwana wake. Wakasema waliyosema. Nakumbuka shoka, na sauti ya mninga mkavu ukipasuliwa, mti mzuri ule. Sikugeuka. Nilikuwa nangoja ng'ambo.

Mke wangu alitoka mwenyewe, ameshikwa mkono. Nilikuwa sijamwona siku ishirini na sita, na sikumtambua kwa uso wala kwa mwendo, ila kwa namna alivyoinua kidevu anapotaka kunigombeza. Lile winda alikuwa amelikandamiza puani. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, lakini ilifika.

"Nani kakutuma umvue mtoto hirizi?"

"Mimi mwenyewe," nikajibu.

"Mpumbavu."

Akarudi ndani. Mama yangu alianza kucheka na kulia pamoja. Mchana ule, mama wa ng'ambo alituambia, mke wangu alikula uji, akaomba tena.

Bwana mkubwa alinitoza faini bomani, nikailipa. Wiki tano baadaye mke wangu alitolewa, ameogeshwa dawa na kupewa kanga mpya. Vya zamani vyote vilichomwa, hirizi na winda pamoja. Jicho moja lilikuwa limerudi, la pili halikurudi. Uso wake ulikuwa na mashimo, na mimi nilifurahi nao kama nilivyofurahi siku ya harusi yetu, namwambia hivyo na hasadiki mpaka leo.

Mtoto alimng'ang'ania bibi yake. Ilichukua asubuhi nzima mpaka akakubali kupakatwa. Mke wangu aliketi kwenye kitanda, akafungua kanga yake mpya, akampa ziwa. Tulisimama, mimi na mama yangu, tukitazama. Mtoto alilishika. Alikuwa hajasahau. Alinyonya mara tatu, nne, akaachia, akamtazama mama yake usoni, akajaribu tena, kisha akaanza kulia.

"Amelikataa?" niliuliza.

"Hajalikataa," alisema mke wangu. "Hamna kitu."

Alikuwa ameyatunza kwa kuyakamua chini siku ishirini na nne, hajiwezi, haoni. Alikuwa ameyafunga siku mbili tu, zile zangu. Baada ya winda alikamua tena kila asubuhi na kila jioni mpaka alipotoka, akingoja yarudi. Hayo sikuyajua mpaka siku ile, na si yeye aliyeniambia, ni mama yangu, baadaye, jikoni.

Akajifunika kifua, akamfuta mtoto machozi kwa upindo wa kanga, akaniambia nikamletee uji na kijiko kidogo.